Je, watengenezaji wa mashine za gemu wametuacha na kukimbilia familia?

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni baba wa watoto wawili, na gemu nilianza kuzicheza enzi za PlayStation 2 kwenye vibanda vya mtaani, tukilipia mechi moja moja. Miaka inavyokwenda naona kampuni za mashine hizi zinazidi kuwabembeleza watu wasiocheza. Matangazo yote ni familia sebuleni, bibi anacheka, watoto wanaruka. Sisi tuliozijenga kwa pesa zetu tunapewa makombo. Je, ni kweli tumeachwa? Na mimi mwenye familia sasa, ninunue mashine gani?

JIBU: Ndugu yangu, salamu zimefika. Swali lako lina uchungu ndani yake na ninauelewa, kwa hiyo sitakujibu juu juu.

Nianze na hiyo PlayStation 2 ya kibandani. Ilitoka Japani Machi 2000, na hadi inaacha kutengenezwa ilikuwa imeuzwa zaidi ya milioni 155. Hesabu hiyo haikuletwa na vijana wa kukesha peke yao. Nyumba nyingi duniani ziliinunua kwa sababu ilicheza DVD, wakati deki ya DVD bado ilikuwa na bei ya kutisha. Sony, watengenezaji wake, nao wakaijua bahati yao wakaifuata. Mwaka 2003 walileta EyeToy, kamera ya kuweka juu ya TV, mtoto akawa anapunga mikono kufuta madirisha kwenye skrini. Mwaka 2004 ikaja SingStar ya kuimba kwa maikrofoni, na 2005 ikafuata Buzz!, chemsha bongo ya kubonyeza vitufe vikubwa vyekundu. Kufikia 2009, mashine hiyo ilikuwa inauzwa dola 99 Marekani. Kwa maoni yangu, mwenye kibanda cha mtaani asingeweza kupanga tatu au nne ukutani kama familia za huko zisingenunua kwa mamilioni na kuishusha bei. Mashine unayoikumbuka kama ya wachezaji wa kweli ilibebwa na watu ambao hawakuwahi kushinda hata mechi moja.

Lakini mgeuko unaouzungumzia upo, na una tarehe. Ulifanyika kwenye kampuni ya Nintendo ya Japani kati ya 2002 na 2006, na wengine wote wakaufuata.

Mwaka 2002 Satoru Iwata alishika urais wa Nintendo, mtu wa kwanza kutoka nje ya ukoo wa Yamauchi kukalia kiti hicho. Kwa taaluma alikuwa mwandishi wa programu, aliyetengeneza gemu kwa mikono yake kule kampuni ya HAL Laboratory. Naliweka hili mbele kwa makusudi. Wengi hudhani uamuzi wa kuzifuata familia ulitoka kwa mhasibu asiyejua pedi inashikwaje. Ulitoka kwa mchezaji. Alichokiona Iwata ni kwamba watu Japani walikuwa wanaacha gemu. Zilikuwa zimekuwa ndefu, nzito, na zenye kudai ujuzi wa gemu zilizotangulia. Mtu aliyepumzika miaka miwili kwa sababu ya kazi au mtoto mchanga, akirudi anakuta mlango umefungwa, na wapya hawaingii kabisa. Mashine yao ya wakati huo, GameCube, iliishia kwenye takriban milioni 22. Hata Xbox ya kwanza, ya Microsoft waliokuwa wageni sokoni, iliipita.

Chukua pedi ya PlayStation uitazame kwa macho ya mtu asiyeijua. Ina vijiti viwili na vitufe zaidi ya kumi, na viwili kati ya hivyo vimefichwa ndani ya vijiti vyenyewe. Kidole gumba cha kushoto kinatembeza, cha kulia kinageuza macho, na vyote vinatakiwa kwenda kwa pamoja huku vidole vingine vikifanya kazi kwa nyuma. Wewe umesahau ulivyojifunza kwa sababu ulikuwa mtoto na ulikuwa na muda. Mpe mama yako pedi hiyo leo: atatazama angani, atagonga ukuta, atakurudishia. Uwezo anao, ila anadaiwa lugha ya mikono ambayo hajawahi kufundishwa.

Majaribio ya kwanza yalikuwa Nintendo DS, ya kushika mkononi, iliyotoka Novemba 2004. Ilikuwa na skrini ya kugusa, miaka kadhaa kabla simu za kugusa hazijaenea. Mwaka 2005 ikapata Nintendogs, gemu ya kufuga mbwa, na Brain Age, mazoezi ya akili yaliyotokana na kazi ya Dkt. Ryuta Kawashima wa Chuo Kikuu cha Tohoku. Watu wazima, wengine wastaafu, wakawa wanapiga hesabu za kujumlisha kwenye mashine ya gemu. DS iliuzwa milioni 154. Baada ya hapo Iwata hakuhitaji kumshawishi mtu yeyote ndani ya kampuni.

Kisha ikaja Wii, Novemba 2006. Iwata na Shigeru Miyamoto, aliyembuni Mario, mhusika maarufu wa gemu za Nintendo, walifanya jambo ambalo hadi leo naliona ni la kijasiri: walijitoa kwenye mbio za nguvu. PlayStation 3 ilitoka mwezi huohuo kwa dola 499 na 599, na bado Sony walikuwa wanapata hasara kwa kila moja waliyouza. Wii ilitoka kwa dola 250, na Nintendo walipata faida tangu ile ya kwanza. Kilichowawezesha ni kwamba ndani yake mlikuwa na teknolojia iliyofanana sana na ya GameCube. Haikuweza hata kutoa picha kali za HD. Umbo lilipangwa liwe dogo, la unene wa kasha chache za DVD, likae chini ya TV bila kumkera mwenye nyumba.

Ubunifu wote uliwekwa kwenye pedi, iliyofanana na rimoti, kitu ambacho kila mtu ameshakishika. Ndani yake mlikuwa na vihisi vya kutambua mkono unaelekea wapi na kwa kasi gani, na mbele kamera ndogo iliyosoma nukta za mwanga kutoka kwenye ule upau uliowekwa juu ya TV. (Wengi wanaamini upau ule ndio uliokuwa unawaona. Haukuona chochote, ulikuwa taa tu. Watu waliopoteza upau wao waliweka mishumaa miwili mahali pake na gemu ikaendelea.)

Angalia pia jinsi tenisi ya Wii Sports ilivyotengenezwa, kwa maana hapo ndipo penye siri yote. Kwenye gemu ya kawaida ya tenisi unamkimbiza mchezaji, unachagua pigo, unalenga, unabonyeza kwa wakati. Kwenye Wii Sports mchezaji anakimbia mwenyewe. Kwako imebaki kazi moja tu, kupunga mkono kwa wakati. Mtoto wa miaka mitano anaweza, na bibi wa miaka themanini anaweza. Lakini ukiwahi kupunga mpira unakwenda upande mmoja, ukichelewa unakwenda upande mwingine, kwa hiyo mtu hodari bado anamshinda asiye hodari. Nintendo waliiweka gemu hiyo bure ndani ya boksi kila mahali isipokuwa Japani na Korea Kusini. Nyumba za wazee Marekani na Uingereza zikaanzisha mashindano ya boling. Mwaka mzima wa 2007, na kuendelea 2008, kuipata Wii dukani Marekani ilikuwa kazi.

Hadi mwisho iliuzwa milioni 101.6, mbele ya PlayStation 3 na Xbox 360. Hapo ndipo uchungu wako ulipoanzia, ingawa huku kwetu Wii ilipita kimya kimya kwa sababu vibanda vilitaka mpira wa miguu wa watu wawili, na mpira huo ulikuwa kwa Sony.

Je, wachezaji wa siku nyingi walipoteza kitu? Ndiyo, na ningekuwa nakudanganya kama ningesema hapana. Kwa kuwa Wii ilikuwa dhaifu, gemu kubwa za kipindi hicho hazikuifikia. Grand Theft Auto IV ya 2008 haikuja kabisa, wala Assassin's Creed ya kwanza. Kampuni za nje zikaleta rundo la gemu za ovyo, zilizotengenezwa haraka ili kumwinda mzazi asiyejua kuchagua. Waliojaribu kumhudumia mtu kama wewe waliumia: Sega walitoa MadWorld mwaka 2009, gemu ya kikatili na ya ubunifu mkubwa, nayo haikuuzika. Walioipenda walikuwa wameshahamia mashine nyingine.

Hapa lazima nisahihishe jambo linalorudiwa sana, kwamba familia zilinunua Wii zikacheza boling wiki mbili zikaiacha. Hesabu za Nintendo zenyewe zinaonyesha gemu zaidi ya milioni 900 ziliuzwa kwa ajili ya Wii, yaani kama tisa kwa kila mashine, ukihesabu na zile zilizotoka ndani ya boksi. Hiyo si hesabu ya watu waliochoka. Mario Kart Wii, gemu ya mbio za magari, peke yake ilifika milioni 37. Wii Fit, pamoja na ule ubao wake wa kusimama juu yake, ilipita milioni 22, na toleo lililofuata likapita milioni 21. Familia zilinunua. Tatizo lilikuwa kwamba zilinunua kwa msimu mmoja.

Mwenye mgahawa wa barabara kuu analijua hili vizuri. Basi likisimama, abiria wanajaza viti vyote, wanakula, wanalipa bila kubishana bei. Dakika ishirini baadaye pamebaki sahani tupu na wale madereva wa malori wanaokuja kila siku. Nintendo waliuza Wii karibu milioni 26 katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2009. Katika mwaka ulioishia Machi 2012 zilikuwa chini ya milioni 10, na kampuni ikaandika hasara ya mwaka kwa mara ya kwanza katika miongo mitatu. Abiria walikuwa wamepanda basi jingine: iPhone ilitoka 2007, duka lake la programu likafunguliwa Julai 2008, gemu ya simu ya Angry Birds ikaja mwishoni mwa 2009. Mtu aliyetaka dakika kumi za furaha alizipata mfukoni kwa bei ya soda, au bure. Mwaka 2012 Nintendo walipoleta Wii U, hao abiria hawakurudi. Wengine walidhani ile pedi yenye skrini ni kifaa cha kuongezea kwenye Wii waliyokuwa nayo. Wii U iliishia milioni 13.56. Iwata alijikata nusu ya mshahara mwaka 2011, baada ya mashine ndogo ya 3DS kusuasua sokoni, na tena 2014. Alifariki Julai 2015.

Microsoft walijifunza somo hilihili kwa gharama kubwa zaidi. Mwaka 2010 waliunganisha kwenye Xbox 360 kamera ya Kinect, isiyohitaji pedi kabisa. Ziliuzwa milioni 8 kwa siku 60 za kwanza, na milioni 24 kufikia mapema 2013. Ilitaka mtu asimame karibu mita mbili kutoka kwenye TV, bila meza wala kochi katikati, na sebule za kupanga zenye nafasi hiyo ni chache, hata huko kwao. Microsoft hawakuliona hilo. Mei 2013 waliitangaza Xbox One kama kituo cha burudani cha nyumba nzima, wakazungumzia televisheni kuliko gemu, na Kinect ikawa ya lazima ndani ya boksi la dola 499. Pamoja na hayo wakaweka masharti kwamba mashine iwasiliane na mtandao angalau mara moja kila saa 24, na kuuza au kuazimana diski zilizotumika kuwe na mipaka. Fikiria sharti hilo kwetu, ambako diski moja hupita mikono mitano kabla ya kuchakaa! Sony wakasimama jukwaani Juni hiyo wakasema PlayStation 4 ni dola 399 na diski yako ni yako. Microsoft wakafuta masharti ndani ya siku chache, na mwaka uliofuata wakaitoa Kinect kwenye boksi, lakini mteja alikuwa ameshaondoka. PlayStation 4 ilipita milioni 117. Microsoft waliacha kutangaza mauzo ya Xbox One, na miaka baadaye wakakiri kwenye nyaraka walizowapelekea wasimamizi wa ushindani wa biashara kwamba Sony waliuza zaidi ya mara mbili yao.

Kwa hiyo jibu langu kwa sehemu ya kwanza ya swali lako ni hili: walijaribu kweli kuwaacha, na waliojaribu zaidi ndio walioanguka zaidi. Jambo walilolikosea ni kuzitenga familia na wachezaji, kana kwamba kuna gemu za hawa na gemu za wale. Tenisi ya Wii Sports haikuwa hivyo, wala Mario Kart haikuwahi kuwa hivyo. Nintendo wenyewe walilirudia wazo la kuwachanganya wote mwaka 2017 kwa mashine ya Switch. Siku ya kwanza waliiuza na Zelda: Breath of the Wild, gemu ndefu isiyokuonyesha njia, ya mtu mwenye subira. Mwezi uliofuata wakaleta Mario Kart 8 Deluxe. Mashine hiyohiyo unaichomeka kwenye TV au unaishika mkononi ukiwa safarini, na pedi yake inagawanyika vipande viwili ili wacheze wawili bila kununua kitu. Machi 2020, dunia ikiwa imefungiwa ndani, Animal Crossing: New Horizons, gemu tulivu ya maisha ya kisiwani, ikaingia kila nyumba. Switch imepita milioni 150. Hata Sony, mwaka 2024, gemu yao iliyopewa tuzo kubwa ya mwaka kwenye The Game Awards ilikuwa Astro Bot, kiroboti cha kuruka ruka ambacho mtoto anakifurahia na mkongwe anatoka jasho kwenye hatua za mwisho.

Na sasa niseme linalonikosesha raha zaidi kuliko bibi anayecheka kwenye tangazo. Kinachomminya mchezaji leo ni gharama. Kwenye kesi ya mahakamani Marekani mwaka 2023, nyaraka zilionyesha kwamba The Last of Us Part II, gemu ya Sony, iligharimu kama dola milioni 220 kutengeneza. Kwa fedha kama hiyo hakuna anayethubutu jambo jipya, na kila mmoja anatafuta gemu isiyoisha ili akutoze kila mwezi. Sony walizindua gemu ya mtandaoni ya Concord Agosti 2024 kwa matumaini hayo na kuifunga ndani ya wiki mbili. Bei za mashine nazo zimegeuka. Zamani ulisubiri, zikashuka, kama PlayStation 2 ilivyofika dola 99. Lakini PlayStation 5 iliyoanza dola 499 mwaka 2020 ilipandishwa hadi 549 Agosti 2025, na Switch 2 ilitoka Juni 2025 kwa dola 449. Familia wanazozifuata kwenye matangazo zinafungiwa nje na bei hizo, na watoto wao wameshahamia gemu za Roblox na Fortnite kwenye simu. Huko kuingia ni bure, na malipo yanakuja baadaye. Mwaka 2022 Epic, wenye Fortnite, walikubali kulipa dola milioni 520 kumaliza madai ya tume ya biashara ya Marekani kuhusu faragha ya watoto na vitufe vilivyowafanya watu wanunue bila kukusudia. Hayo ndiyo ningekuomba uyaogope kwa ajili ya wanao. Kama wanatumia simu yako, ondoa namba ya kadi ya benki na weka nywila kwenye manunuzi leo hii.

Sasa ununuzi. Kama PlayStation yako ya mpira bado ipo, ibakize. Kwa ajili ya nyumba, tafuta Switch ya kwanza iliyotumika, yenye hali nzuri, na Mario Kart 8 Deluxe. Gemu hiyo ina usukani wa msaada unaomrudisha mtoto barabarani kila anapotaka kutoka, huku wewe upande wako ukiwa umeuzima. Ukitaka kujipima kweli, wakilala fungua mbio za 200cc, zile za kasi kuliko zote. Tafuta gemu zilizo kwenye kadi ndogo ya kuchomeka ukiweza, badala ya kupakua, kwa sababu kadi utaiuza tena na haitakula bando lako. Kadi za Switch hazifungwi kwa nchi, hivyo iliyotoka Dubai na iliyotoka Ulaya zote zitacheza.

Kabla ya kutoa pesa, ingia kwenye mipangilio ya mashine, fungua sehemu ya kupima vijiti vya pedi, uviache bila kuvigusa. Nukta ikisogea yenyewe, kijiti kimechoka, tatizo linalojulikana sana kwa pedi hizo, na bei ishuke kwa gharama ya kukibadilisha. Na kama muuzaji atakushawishi uchukue Switch 2 iliyoletwa kutoka Japani kwa bei ya chini kidogo, uliza kwanza ni toleo lipi. Lile la bei nafuu la Japani linazungumza Kijapani tu na linakubali akaunti za Japani peke yake, na hakuna fundi wa mtaani atakayelibadilisha.